Uso Ufichwe Mbele ya Kamera, Si Kwenye Kompyuta

SWALI: Ndugu wahariri, tunatengeneza dokumentari kuhusu usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa kwenye kampasi ya Lubumbashi, siku 17 tu baada ya Mobutu, rais wa Zaire, kutangaza mwisho wa chama kimoja. Mama mmoja aliyesoma pale amekubali kusimulia bila kutambulika. Tulimtia ukungu usoni na kuifanya sauti yake nzito. Mdogo wake alipotazama, dakika haikuisha: “Huyu ni yaya!” (yaani dada yake mkubwa). Tumekosea wapi?
— Vijana wa Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Mmeficha kwa kuchelewa. Ukungu wa kompyuta unafunika filamu iliyokamilika tu. Faili la kwanza bado lina uso mzima, na atakayenyang’anya diski atalikuta. Nchini Iran mwaka 2009, picha za waandamanaji ziliwekwa mtandaoni nyuso zikiwa zimezungushiwa duara, raia wakiombwa kuwataja.

Rudieni kurekodi mchana. Mama akae mgongo kwa dirisha, taa za ndani zizimwe. Dirishani tundikeni shuka jeupe jepesi: linalainisha mwanga, tena linaficha nje, maana teril (kilima cha mabaki ya madini) na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines vikionekana, mtaa umeshajulikana. Ukuta ulio mbele yake ufunikeni kitambaa cheusi. Wengi huusahau, ukuta mweupe hurudisha mwanga usoni. Kamera isijipimie mwanga yenyewe; pimeni kwa mkono, mkifuata mwanga wa dirisha. Rekodini sekunde 10, fungueni kwenye kompyuta, pandisheni mwanga hadi mwisho. Macho yakijitokeza, uso haujafichika. Msimpige kutoka ubavuni pia, kwani pua na kidevu peke yake vinamtaja mtu. Kamera ikae mbele yake, ikielekea dirisha. Mikono inavutia sana kuipiga, lakini pete, kovu na liputa (kitenge) anayoivaa kila Jumapili ni kama kitambulisho.

Sauti iliyofanywa nzito inaweza kurudishwa ilivyokuwa, na hata isiporudishwa, mwendo wa maneno na vituo vyake vinabaki. Andikeni simulizi neno kwa neno, mama mwingine aisome, na kwenye skrini mwambieni mtazamaji kwamba sauti si ya shahidi. Rekodini pia sekunde 30 za ukimya wa chumba, mzibie nazo mapengo.

Jina lisitamkwe kabisa, semeni “S1”. Karatasi yenye majina isikae mfuko mmoja na kamera. Mkitumia simu, zimeni huduma ya mahali, la sivyo faili hubeba ramani ya nyumba yake. Kufuta kadi hakuondoi picha, zinaweza kufufuliwa, kwa hiyo diski zifungwe kwa VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila, kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kuharibika: tumieni kompyuta yenye betri iliyojaa, na msiifute kadi kabla ya kufungua nakala mbili na kuzitazama mwanzo, katikati na mwisho.

Mdogo wake hafai tena kuwa mpimaji. Mama mwenyewe achague ndugu mwingine anayemwamini, asiyejua lolote, atazame filamu yote kabla ya mtu wa nje kuiona.