Kabla Hujabisha Hodi Utawani: Barua kwa Binti Yangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla sijampa baba yako. Swali lako ni moja tu: "Mama, nitajuaje kwamba ni Mungu ananiita, na si mimi ninayeyakimbia maisha?" Siku nne sasa natembea nalo. Jibu lake kamili sina, na sidhani yupo mzazi aliye nalo. Nilicho nacho ni jambo ambalo hukuliuliza, ambalo nyumbani kwetu tumelizunguka miaka yote bila mtu kuligusa: kwa nini mimi nilitoka.

Kwamba niliwahi kuwa novisi, mtawa mwanafunzi ambaye bado hajaweka nadhiri, unajua. Picha ile ya kitambaa cheupe kichwani mliikuta mkiwa wadogo, kaka yako akauliza huyu sista ni nani, nikamwambia ni mimi, nikaifunga albamu. Babu yako hakulizungumza kabisa. Bibi yako alilizungumza mara moja tu, siku ya harusi yangu, na siku ile hakuwa amechagua maneno yake.

Nilitoka na jambo moja ambalo sijaacha kuliamini hadi leo: sala utaiweza, watu ndio kazi. Nimekwambia hivyo tangu ulipokuwa kwenye kwaya ya vijana, nawe ulidhani nasema habari za kwaya. Barua yako ina kurasa mbili. Umeandika juu ya kuabudu Ekaristi, juu ya ukimya baada ya sala ya usiku, juu ya masifu ya asubuhi na jinsi sauti zao zinavyopokezana zaburi, mpaka machozi yakakutoka. Nimefurahi, naapa nimefurahi. Lakini katika kurasa zote mbili sikukuta sista hata mmoja. Nani kati yao ni mkali? Nani anaongea sana mezani? Yupi amezeeka na anauliza swali lile lile kila jioni? Umeniandikia nyumba nzima, wenyewe hawamo ndani.

Na wenyewe ndio utawa. Mtawa hatoi nadhiri ya useja, ufukara na utii halafu akaenda kuishi anapopenda. Sheria ya Kanisa inamtaka akae katika nyumba ya shirika lake, aishi maisha ya pamoja, na kukaa nje ni mpaka apewe ruhusa. Mimi baba yako nilimchagua. Wewe yule utakayeketi naye kanisani miaka thelathini hutamchagua. Utamkuta, naye atakukuta.

Wangu mimi nilimkuta kwenye chumba cha kufulia.

Alikuwa sista mzee, mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Nilipangiwa kumsaidia kukunja mashuka. Kila shuka nililolikunja alilikunjua. Hakugomba, hakunifundisha, hakunitazama hata usoni. Alilifungua lote, akaligeuza pindo liangalie ndani, akaikutanisha miisho minne, kisha akapitisha ubavu wa kiganja juu yake mara mbili, taratibu. Analiweka kwenye rafu, anachukua lingine nililolimaliza mimi, analikunjua. Miezi minane, mwanangu. Nilijaribu kukunja kama yeye, pindo ndani, miisho minne, kiganja mara mbili. Akalikunjua.

Utasema ni jambo dogo. Hata mimi nilijiambia hivyo kila siku, na kila siku lilikua. Ilifika mahali nikiwa kwenye masifu ya jioni, "Roho yangu yamtukuza Bwana", masikio yangu yanasikia mashuka. Nilikuwa naweza kukaa mbele ya tabernakulo, pale inapohifadhiwa Ekaristi, saa nzima bila kuchoka, na mama mlezi, sista aliyetulea manovisi, akanisifu kwa hilo mbele ya wenzangu. Kumbe dakika ishirini na yule sista wa mashuka zilikuwa zinanishinda. Sala niliiweza.

Mwaka wa unovisi ulipokaribia kwisha, mama mlezi aliniita ofisini. Aliniambia kwa upole kwamba wao wana shaka nami na wanaona nami nina shaka, na kwamba Kanisa limeiwekea hali hiyo nafasi: novisi ambaye bado kuna mashaka juu yake anaweza kuongezewa muda wa majaribio, usiozidi miezi 6. Akanipa miezi hiyo 6. Akasema, "Chukua, mwanangu, huu si adhabu."

Nikakataa.

Nataka ulisome hilo polepole, kwa sababu ndilo ambalo sijawahi kulisema. Ninyi wote mmeamini kwamba sikuwa na wito. Inawezekana kweli sikuwa nao. Lakini sikutoka kwa sababu nilijua sina. Nilitoka kwa sababu nilitaka ndiyo au hapana, na mtu akanipa "subiri". Niliona aibu wenzangu wapige nadhiri za kwanza mimi nimebaki na kitambaa cheupe. Ilikuwa kiburi, na nilikiita ukweli.

Siku hizo anayeondoka hakuaga. Aliondoka alfajiri wenzake wakiwa kanisani, na asubuhi kiti chake kilikuwa kitupu. Waliniwekea kitandani nguo zangu za kiraia, gauni lile nililokuja nalo, ambalo lilikuwa stoo mwaka mzima na zaidi. Nilipolichukua mikono yangu ilitangulia kujua kabla ya akili. Lilikuwa limepigwa pasi. Mikono imegeuzwa nyuma, pindo limeangalia ndani, miisho minne imekutana. Nikaweka kiganja juu yake. Ukutani nilikuwa nasikia wakianza zaburi, na yule sista mzee alikuwa humo ndani anaimba, na mimi siruhusiwi kuingia. Sikumuaga. Alifariki miaka miwili baadaye, nikapata habari kwa kuchelewa. Hadi leo sijui kama kunikunjulia mashuka kulikuwa kunidharau, au mazoea ya mikono yake tu, au ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kukaa na mtu. Mambo hayo ningeyajua kwa miezi 6, au nisingeyajua. Sikukaa nikaona.

Baba yangu alinipokea stendi. Unamjua babu yako, maneno yake kwa siku unayahesabu. Akachukua sanduku langu, akanitazama, akasema, "Umekula?" Basi. Hakuuliza lingine siku ile wala mwaka ule. Mama yangu yeye aliufunga mlango wa chumba changu kila walipokuja watu wa jumuiya, na mimi nikakaa humo nasikia wakiuliza habari zangu na yeye akijibu "yupo tu". Kwa hiyo niliapa, ukiwa hujazaliwa, kwamba mwanangu akienda na akarudi, nitamfungulia mlango mchana kweupe. Hilo nakuahidi. Si jibu la swali lako, lakini ndilo la kwanza ulilostahili kulipata kwangu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za ukoo wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, nikalia, na si kwa ajili ya Teresa. Teresa aliingia Karmeli ya Lisieux, monasteri huko Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, hakutoka. Mimi nilimlilia dada yake, Léonie. Huyo alijaribu utawa mwaka 1886, akarudi nyumbani baada ya majuma machache. Akaingia monasteri ya Caen mwaka 1887, akatoka. Akarudi hapo hapo 1893, akatoka tena 1895. Mara tatu! Mwaka 1899 akabisha hodi mara ya nne, na safari hiyo akabaki mpaka kifo chake mwaka 1941. Na wazazi wao, Louis na Zélie Martin, ambao Kanisa liliwatangaza watakatifu mwaka 2015, wote wawili walitamani utawa ujanani wakakataliwa kabla hawajajuana. Kwa hiyo nikikaa nikijiuliza, napata majibu mawili yanayogombana. Moja linasema: nisingetoka, wewe usingekuwepo, na hilo linatosha. La pili linasema: Léonie alibisha mara nne, wewe hukuvumilia miezi 6. Lile la kwanza nalipenda. Lakini si haki kulitumia. Wewe si kisingizio changu. Na la pili nalo si haki, maana Léonie ni Léonie. Basi nabaki hapo.

Sasa kuhusu hofu yako ya kukimbia. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, alipokuwa bado mtu wa vita, akalala na mguu uliovunjwa na mzinga vitani Pamplona mwaka 1521, aliwaza mambo ya aina mbili: ushujaa wa vita na kumfurahisha bibi mmoja wa heshima, na kuwaiga watakatifu. Yote mawili yalimfurahisha alipokuwa akiyawaza. Tofauti aliiona baadaye: lile la kwanza lilimwacha mkavu, la pili lilimwacha na amani. Kwa hiyo usipime machozi ya kanisani. Pima unarudi nyumbani ukiwa nani. Jumatatu ofisini, ukishaudhiwa na mtu, ile furaha bado ipo? Na aliandika neno lingine ambalo mimi nililivunja: wakati wa ukavu wa roho usibadilishe uamuzi uliofanya wakati wa faraja. Mimi nilibadilisha nikiwa gizani kabisa, tena kwa haraka.

Usiogope kwamba lazima uwe na hakika leo. Hakuna anayekudai. Utaanza na kipindi cha kufahamiana nao, kisha upostulanti, yaani maandalizi ya kuingia unovisi, ndipo unovisi wenyewe, ambao Kanisa linautaka uwe wa miezi 12 kamili angalau. Baada yake nadhiri za muda, zisizopungua miaka 3 na kwa kawaida zisizozidi 6, na zinaweza kuendelea mpaka 9, ndipo za daima. Wakati wote wa unovisi mlango uko wazi: unaweza kuondoka kwa hiari yako, nao wanaweza kukuambia uende. Mtakatifu Benedikto, ambaye Kanuni yake wamonaki wanaifuata tangu karne ya 6, aliagiza anayekuja asifunguliwe kirahisi, abishe siku nne au tano, kisha asomewe Kanuni yote baada ya miezi miwili, na tena baada ya sita, na tena baada ya minne, kila mara aulizwe kama bado anataka. Na nguo zake za zamani zitunzwe stoo, zisigawiwe, kwa ajili ya siku ambayo pengine atataka kuondoka. Niliposoma sura hiyo nililiona gauni langu.

Jambo moja la kimaisha, maana najua utalisahau: mkopo wako wa masomo. Sheria ya Kanisa inakataza kumpokea unovisini mtu mwenye deni asiloweza kulilipa. Ongea nao mapema, wala usione haya.

Unataka niseme nenda, au usiende. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili, kila mara nimeikata. Baba yako amesema mwache aende aone. Kaka yako amesema mambo ambayo atakuambia mwenyewe, msikilize na umsamehe. Mimi nina neno, mwanangu, na linanichoma ulimi, lakini nikilitoa utaishi na sauti yangu humo ndani badala ya kusikiliza unachopaswa kusikia. Sijui hata kama ni sauti yangu au ni ya yule msichana wa alfajiri mwenye gauni mkononi. Basi nimelimeza.

Ila nakuomba hili. Mwezi ujao utakapokwenda kukaa nao yale majuma mawili ya "njoo uone", usiombe kazi ya kupamba kanisa. Omba kufua. Kisha niandikie, na safari hii sitaki habari za zaburi. Niandikie yule anayesimama kando yako kwenye beseni: ana mikono ya namna gani, anafanya nini kinachokuudhi, na ulipokwenda kulala usiku ule ulikuwa unamwazaje.

Nguo zako ziko kabatini kama ulivyoziacha. Shangazi yako ameziulizia kwa ajili ya wasichana wake, nimemwambia asubiri. Usilichukulie hilo kuwa ndilo jibu langu.

Mama yako