Barua kwa mwanangu: Pangloss na bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam. Sisi huku wazima, baba yako goti linamsumbua kidogo lakini msikitini anakwenda mwenyewe. Ujumbe wako niliusoma nikacheka, nikausoma tena nikanyamaza. Jambo kama lile halijibiki kwa kubonyeza simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unasema mmesoma Candide, hadithi ya kejeli ya Mfaransa Voltaire, darasa zima likamcheka Pangloss, mwalimu wa kijana Candide, wewe kicheko kikakukwama. Huyu mzee, unaniuliza, amepatwa na kila balaa na bado anasema yote yako sawa. Marehemu bibi aliwazika watoto wawili kwa surua, na bado alisema Alhamdulillahi. Kwa nini mmoja tumcheke na mwingine tumheshimu? Au Voltaire anamcheka na bibi?

Bibi hachekwi, mwanangu. Lakini ili uone kwa nini, lazima kwanza tumtendee haki Mjerumani aliyeanzisha maneno haya. Gottfried Leibniz alikuwa mwanahisabati mkubwa, na mwaka 1710 alitoa kitabu juu ya haki ya Mungu na kuwapo kwa uovu. Hoja yake ni hii: Mungu anajua yote, anaweza yote, na ni mwema. Alipotaka kuumba, mbele yake palikuwa na dunia zisizo na idadi ambazo angeweza kuziumba. Mwema mwenye kujua yote hachagui iliyo duni. Basi hii tuliyomo ndiyo bora kuliko zote zilizowezekana. Hakusema kwamba jino likiuma ni raha. Alisema maumivu yale hayaondoki bila kuharibu kitu kikubwa zaidi mahali pengine. Unaweza kuikataa hoja hiyo, mimi naikataa, lakini si ya kipumbavu.

Iliharibika ilipotoka kwa wanafalsafa ikaingia kwenye kumbi za watu walioshiba. Mshairi Mwingereza Alexander Pope aliifupisha katika utenzi wake wa miaka ya 1733 na 1734: kila kilichopo, kiko sawa. Wakubwa waliupenda mno mstari ule. Kama kila kilichopo kiko sawa, mashamba yao yako sawa, na njaa ya wanaoyalima iko sawa pia.

Kisha ikaja tarehe 1 Novemba 1755. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka. Ardhi ikatetemeka, bahari ikapanda mtoni na kuzoa waliokimbilia ufukweni, halafu moto ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu walikufa. Voltaire, wakati huo mzee wa miaka 60 hivi anayeishi Geneva, kwanza hakuweza kufanya mzaha. Aliandika shairi refu la uchungu, likatoka 1756, akiwauliza wenye falsafa ile watoto wachanga waliopondwa vifuani mwa mama zao walikuwa na kosa gani. Kejeli, yaani Candide yenyewe, ilisubiri mpaka 1759. Na hata hapo kitabu hakikuwa na jina lake: eti kimetafsiriwa kutoka Kijerumani cha Daktari Ralph. Geneva na Paris walikipiga marufuku, naye akakana kabisa kwamba ni chake.

Sasa fungua sura ya tano. Nadhani mliipita haraka, maana ndiyo yenye jibu lako. Candide na Pangloss wamefika Lisbon siku yenyewe ya tetemeko. Candide amejeruhiwa na mawe yaliyoruka, amelala barabarani amefunikwa na kifusi. Anamwomba mwalimu wake: nipatie mvinyo kidogo na mafuta, nakufa. Pangloss anamjibu kwamba tetemeko hili si jambo geni, mji wa Lima kule Amerika ulipata kama hili mwaka jana, sababu ni zile zile, matokeo ni yale yale, bila shaka upo mkondo wa kiberiti chini ya ardhi kutoka Lima hadi Lisbon. Candide anasema: huenda kweli, lakini kwa ajili ya Mungu, mafuta na mvinyo. Na Pangloss anakasirika! Huenda vipi? Mimi nasema jambo hili limethibitishwa. Candide anazimia, na hapo ndipo mzee anapomletea maji kidogo kutoka kwenye chemchemi ya karibu.

Ona Voltaire alivyolipanga. Hakumfanya Pangloss mwovu, maana maji aliyaleta. Ila hoja yake ilitangulia maji, na mtu alikuwa anavuja damu hoja ikisubiri kukubaliwa. Mwanzoni mwa sura hiyo hiyo ni vibaya zaidi. Melini wana mfadhili wao, Jacques, aliyewalisha na kuwavisha. Katika dhoruba anatumbukia baharini kwa jitihada za kumwokoa baharia mmoja, na baharia yule hata hamtazami. Candide anataka kujitosa amfuate. Pangloss anamzuia kwa kumthibitishia kwamba bandari ya Lisbon iliumbwa makusudi ili Jacques azame humo. Anapoendelea kuthibitisha, meli inapasuka.

Bibi yako alipowazika wajomba zako wadogo, mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka. Alilia mpaka sauti ikakauka. Alisema Alhamdulillahi, na hakuna siku nilimsikia akisema vifo vile vilikuwa na faida. Surua iliporudi mtaani na mimi nikaanza kuchemka, alinifunga mgongoni alfajiri akanipeleka zahanati kwa miguu. Kumshukuru Mungu hakukumzuia kwenda. Na alipokwenda kwa jirani aliyefiwa alikaa jamvini, akasaidia kupika, akaondoka bila kumweleza mtu kwa nini mtoto wake amekufa.

Lakini umenikumbusha kwamba Pangloss naye ameteseka. Kweli. Ugonjwa umemla jicho moja na sikio moja, amenyongwa kamba isikaze vizuri, amepasuliwa na daktari aliyedhani ni maiti, amepiga makasia akiwa mtumwa. Unauliza: je, huo si uvumilivu? Voltaire alijua msomaji mwenye huruma atauliza, akaweka jibu sura ya mwisho, kwa sentensi moja unayoweza kuiruka ukisinzia. Anasema Pangloss alikiri kwamba siku zote aliteseka vibaya sana. Lakini kwa kuwa aliwahi kusema mambo yote yanakwenda vizuri ajabu, aliendelea kusema hivyo, na wala hakuyaamini. Hakuyaamini, mwanangu! Kabla ya hapo ameulizwa kama bado anashikilia, akajibu kwamba yeye ni mwanafalsafa na haifai ajikanushe. Alikuwa analinda cheo. Bibi yako hakuwa na cheo cha kulinda.

Candide mwenyewe anaiacha falsafa ile Surinam, koloni la Waholanzi Amerika ya Kusini. Njiani anakuta mtumwa mweusi amelala chini, hana mguu wa kushoto wala mkono wa kulia. Mtumwa anaeleza bila kupandisha sauti: kinu cha miwa kikikunasa kidole, wanakata mkono, ukijaribu kutoroka, wanakata mguu, mimi yamenipata yote mawili. Kwa bei hii ndiyo nyinyi mnakula sukari Ulaya. Na mama yake, alipomuuza pwani ya Guinea, alimwambia ana heshima ya kuwa mtumwa wa mabwana weupe. Mama huyo naye ni Pangloss, na maneno yake huwa yananichoma kuliko ukatili wa mwenye shamba.

Usiyaone haya kuwa ya mbali. Mwaka 1776, miaka 17 tu baada ya kitabu, Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika bahari yetu hii, Morisi ya leo kikiwa kimojawapo. Na Voltaire naye usimtakase. Mwandishi wa ukurasa ule wa Surinam aliandika kwingine maneno ya dharau juu ya watu weusi ambayo siwezi kuyarudia.

Kuna mtu mmoja aliyemjibu barabara, nakushauri umtie kwenye insha yako. Mwanafalsafa Rousseau alimwandikia Voltaire barua Agosti 1756, kuhusu lile shairi la Lisbon. Alimwambia kwamba maumbile hayakukusanya pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Watu ndio waliozijenga hivyo. Halafu akamchoma: wewe umeshiba sifa na utajiri, unaona dunia yote ni mbaya, mimi fukara na mgonjwa, naona bado kuna wema. Hilo la nyumba lina nguvu mpaka leo, ghorofa zikianguka. Hilo la pili nalo ni lako kabisa, maana ni swali lako juu ya bibi kwa sauti ya mwanamume wa karne ya 18.

Ama ile bustani ya mwisho, pale Candide anapofunga kitabu kwa kusema tulime bustani yetu, mhadhiri wako akisema maana yake ni kujifungia ndani na kuachana na dunia, mbishie. Mwaka 1762 mahakama ya Toulouse ilimuua Jean Calas, Mprotestanti, kwa kumvunja mifupa gurudumuni, ikidai amemuua mwanawe asiwe Mkatoliki. Voltaire hakumjua mtu yule. Aliandika barua, akachapisha vijitabu, akawasumbua mawakili na wakubwa wa Paris bila kuchoka, mpaka mwaka 1765 Calas akatangazwa kuwa hakuwa na hatia. Hiyo ndiyo bustani aliyokuwa akilima miaka mitatu baada ya kitabu.

Insha ikiwa tayari nitumie kabla ya kuikabidhi, nikuangalizie tahajia. Na ule chakula, si chai na andazi tu.

Mama yako