Barua kwa mwanangu: kazi ya Mwanasheria Mkuu wa visiwa vidogo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza, kabla hujaomba nafasi ya uwakili katika ofisi yake, kama Mwanasheria Mkuu wa Visiwa vya Falkland, eneo la Uingereza kusini mwa bahari ya Atlantiki penye wakazi wapatao 3,500, ana kazi ya kutosha au ana cheo cha heshima tu. Kazi anayo, tena nyingi, kwa sababu shughuli ambazo kwingine hugawanywa kati ya ofisi kadhaa, huko humwangukia yeye na mawakili wachache walio chini yake.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009 inamfanya mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria. Huhudhuria Baraza la Utendaji na Baraza la Kutunga Sheria, na anaruhusiwa kuchangia, lakini hapigi kura. Hilo la kura lipime vizuri. Wajumbe wanane waliochaguliwa na wananchi ndio wenye kuamua sera. Yeye huwaeleza sheria inaruhusu nini na inakataza nini, kisha huwaachia uamuzi, hata ukiwa kinyume cha alivyopenda mwenyewe. Ofisi yake pia huandaa miswada.

Kilicho kigumu zaidi ni mashtaka. Kenya, tangu Katiba ya 2010, mashtaka ya jinai yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mbali na Mwanasheria Mkuu. Falkland, mamlaka ya kufungua kesi ya jinai, kuichukua mkononi au kuisitisha ni ya Mwanasheria Mkuu huyohuyo, na katika hilo Katiba haimweki chini ya amri ya mtu yeyote. Visiwa hivyo hutegemea sana leseni za kuvua ngisi. Chukua meli inayoshukiwa kuvua bila leseni: ofisi iliyoishauri serikali kuhusu kanuni za uvuvi ndiyo itakayopima kama ushahidi unatosha kumshtaki nahodha. Anayeshindwa kutenganisha kofia hizo mbili atawadhulumu wote, serikali na mshtakiwa.

Nilipokuwa wakili wa serikali, mkubwa wangu mmoja alinitaka nibadilishe maoni niliyokwisha kuyatia saini. Nilikataa, na kwa miezi mingi tulipishana ngazini bila kusalimiana. Iliniuma sana, ingawa jioni nilirudi nyumbani nikawa miongoni mwa watu wasionijua. Stanley, ambako ndiko wanakoishi wengi wa wakazi wa Falkland, uliyemkatalia asubuhi utakutana naye jioni, pengine pamoja na mkewe na watoto wake. Nakuomba ulifikirie hilo kwa uzito kuliko mshahara.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza nani hushika jalada pale Mwanasheria Mkuu anapokuwa na uhusiano na mshtakiwa, na kama wakili wa nje ya visiwa huweza kuitwa. Watakalokujibu, niandikie.

Akupendaye,
Mama yako