Woka ya nini? Mweke mtoto chini

Dada wa Uyole, Mbeya, uliyeuliza kuhusu woka, kile kigari cha kumfundishia mtoto kutembea: usiinunue. Kama umeshaacha advansi, rudi ukadai hela yako leo. Mwanao ana miezi 10, anajiburuza kwa makalio badala ya kutambaa, na muuzaji kakuambia kigari "kitamkaza miguu". Kitakaza nini? Wauza vigari siku hizi ndio madaktari wa mifupa, na kila mtoto kwao kachelewa!

Mtoto akikaa kwenye kile kitambaa cha kukalia, uzito wake unabebwa na kigari. Anasukuma kwa ncha za vidole, misuli ya nyuma ya mguu inakakamaa, huku nyonga na kiuno, vinavyomsimamisha mtu, havifanyi kazi. Sinia ya mbele ya kigari imemziba, miguu yake haioni. Kule kuyumba na kuanguka matako, kunakomfundisha kusawazisha mwili, hakupo. Ukimtoa humo anasimamia vidole kama anachungulia dirishani. Halafu baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua: jiko la mkaa liko sebuleni (hiyo nayo ni hatari nyingine), birika juu yake linachemka. Woka inakwenda karibu mita moja kwa sekunde. Unageuka kuchukua kikombe, mwenzio keshafika. Kanada walipiga marufuku kuziuza tangu 2004, huku kwetu ndiyo zawadi ya arobaini.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kutembea mwenyewe ni kuanzia miezi 8 hadi 17 na nusu. Wapo wazima kabisa wanaoruka hatua ya kutambaa, na wa kujiburuza mara nyingi huchelewa kidogo kutembea. Kama ni njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Chini, dada, chini! Tandika mkeka na blanketi juu yake, saruji ya huko inauma. Vua soksi, punguza nguo nzito. Akivikwa suruali tatu goti halikunjiki. Weka kigoda imara kinachomfika kifuani, kijiko juu yake, ajivute mwenyewe. Akishasimama, sogeza kijiko pembeni akifuate kwa ubavu. Usimnyanyue kwa makwapa ili asimame, na asishinde mgongoni kutwa.

Beba kadi uende kliniki kama mpaka sasa hakai bila kushikwa, mwili umelegea au umekakamaa, anatumia mkono mmoja tu, au kapoteza alichokuwa anakiweza. Akifika miezi 18 hajatembea, nenda hata kama mashangazi wote wanaapa kuwa baba yake naye alichelewa.