Taa ya kukuzia miche ndani: angalia wati halisi, sio namba kubwa ya kwenye boksi

SWALI: Shikamoo dada. Nimepanga chumba huku Nzuguni, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, jua haliingii. Nje siwezi kuweka kitu, upepo na kuku wa mwenye nyumba havibakishi mche. Nyanya na hoho nilizootesha kwenye trei zimerefuka nyembamba zimelalia upande wa dirisha. Dukani wananiambia ninunue taa ya LED ya zambarau imeandikwa 1000W, eti ndo ya mimea. Ni kweli? Na LUKU yangu itaisha? Niko kwenye matumizi madogo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo miche inatafuta mwanga, ndo maana shina linakuwa refu, jeupe na halina nguvu, kwa hiyo usiimwagie mbolea ukadhani ina njaa.

Zambarau inafanya kazi, sikatai. Majani yanakula zaidi mwanga wa bluu na mwekundu, ukichanganya hizo mbili ndo unapata hiyo rangi. Lakini taa nyeupe nayo ina bluu na nyekundu ndani yake, pamoja na kijani ambayo mmea unaitumia pia, halafu chini ya taa nyeupe unaona jani likianza kuwa njano, unaona vidukari chini ya jani, wakati kwenye zambarau kila kitu kinafanana na unakuja kushtuka mche umeshakwisha. Mimi ningechukua nyeupe, ile iliyoandikwa kati ya 4000K na 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, sio nguvu yake).

Sasa hiyo 1000W. Mara nyingi namba kubwa hivyo sio umeme inaokula, ni ya kuuzia tu. Mwambie muuzaji akugeuzie taa msome kibandiko cha nyuma, tafuta ampea, zidisha kwa 230. Ukikuta 0.45A basi hiyo ni kama wati 100 tu, basi! Kama kibandiko hakionyeshi wati halisi wala ampea, iache hapo hapo dukani hata kama bei inavutia.

Kwa trei ya futi 2 kwa 2 wati 40 za kweli zinatosha miche na mboga za majani. Ukitaka nyanya izae matunda humo humo ndani hapo itabidi taa kubwa zaidi na sikushauri, hamishia nje ikishakomaa, jua la Dodoma ni la bure na hakuna taa ya kulishinda.

Ining'inize sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, maana ukiipandisha mwanga unapungua haraka sana. Weka kiganja usawa wa majani: kivuli chake kikiwa na kingo zinazoonekana vizuri upo sawa, kikiwa cha ukungu ukungu shusha taa, na mgongo wa mkono ukihisi joto pandisha kidogo. Miche ikirefuka na taa nayo ipande.

Washa saa 14 hadi 16 halafu zima, mmea unahitaji giza pia. Taima ya kuzungusha inasaidia ila umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi uiseti upya la sivyo taa itawaka usiku wa manane.

LUKU: wati 40 kwa saa 15 ni yuniti 0.6 kwa siku, kama 18 kwa mwezi. Kwenye ukomo wako wa matumizi madogo, yuniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu robo, kwa hiyo pasi na jiko la umeme uvihesabu vizuri usije ukavuka ukahamishwa bei. Ile ya wati 100 ingekula 45.

Vumbi la huku futa kwenye taa kwa kitambaa kikavu ikiwa imezimwa, na soketi iwe mbali na maji unapomwagilia. Hiyo miche iliyolala usiitupe, nyanya ukiihamisha ifukie shina mpaka karibu na majani ya kwanza itatoa mizizi hapo. Hoho usiifukie hivyo, otesha upya chini ya taa.