Kilo 17 zimeondoka, lakini vidonge vya presha usivitupe kama nilivyotupa mimi

Mwaka juzi nilikua na kilo 98 na kila asubuhi nameza vidonge vitatu vya presha, losartani, amlodipini ya miligramu 10 na ile dawa ya kukojoza. Saivi nina 81 na nameza kimoja tu, amlodipini ya 5. Watu wakisikia hivo wananiuliza, uliacha lini? Sikuacha jamani, nilipunguziwa, na ile mara moja nilipojipunguzia mwenyewe ilinitokea puani.

Ilianza hivi. Nilikua nimeshuka kama kilo 12, asubuhi moja nainuka kitandani niende chooni nikaona mlango unacheza, nikashika ukuta, kajasho kembamba kananitoka. Nikasema njaa hiyo, si niko kwenye diet. Kesho yake nimeinama kufunga kamba za viatu, kuinuka tu, giza. Ndo nikaitafuta mashine ya presha, 98 kwa 60. Kumbe mwili umebadilika ila dozi ni ileile ya yule mtu wa kilo 98. Kwa wastani kila kilo moja unayopungua inashusha namba ya juu kama pointi moja hivi, wengine zaidi wengine kidogo, na mimi nilikua nimepunguza na chumvi pia, kwahiyo kila kitu kinavuta chini kwa pamoja.

Hapo mtu mwenye akili anampigia daktari. Mimi nikajitibu. Nikaacha losartani na amlodipini siku moja, nikabakiza ya kukojoza maana niliiona ndo nyepesi, yaani nikabakiza ileile iliyokua inanikausha maji! Siku ya pili napima, 118 kwa 76. Siku ya tatu 121 kwa 78. Nikatangaza nyumbani nimepona.

Sasa hiki ndo kitu ambacho hakuna mtu aliniambia. Amlodipini haitoki mwilini siku unayoiacha, inachukua saa 30 mpaka 50 nusu yake tu kuondoka, kwahiyo zile namba nzuri nilizokua nashangilia bado ilikua kazi ya dawa. Wiki mbili baadae mashine ikasoma 151 kwa 94, nikarudia, 149. Na kichwa hakikuuma, moyo haukwenda mbio, sikusikia chochote kabisa. Bila mashine ningeendelea kutamba. Na mimi nilikua na bahati, maana kuna dawa nyingine kama atenololi au klonidini ukizikata ghafla presha inaweza kuruka juu na moyo ukasumbuka vibaya.

Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu, daftari lako liko wapi? Sikua nalo. Akanirudishia zile mbili, akaitoa ya kukojoza, akasema rudi baada ya wiki nne na namba. Kuanzia hapo tukawa tunagusa dawa moja tu kwa wakati mmoja, tunasubiri wiki kadhaa, ananipima nimekaa halafu nimesimama, maana namba ya juu ikidondoka pointi 20 ukisimama hicho ndo kizunguzungu chenyewe. Losartani ikakatwa nusu, kisha ikatoka. Mwisho amlodipini ikashuka kutoka 10 kwenda 5, na miguu iliyokua inavimba jioni mpaka soksi inaacha alama kama mfereji, ikanywea.

Usikopi mpangilio wangu lakini. Mwenye kisukari au figo anaweza akawa amepewa losartani kulinda figo, mwenye shida ya moyo naye ana zake, hizo haziguswi eti kwasababu namba ni nzuri. Na usivunje kidonge bila kuuliza, kuna vilivyotengenezwa vitoe dawa taratibu siku nzima, ukikivunja inatoka yote kwa mkupuo.

Kupima nako kuna namna yake. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee, kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Pima mara 2 asubuhi kabla ya dawa na mara 2 jioni, siku 7, za siku ya kwanza usizihesabu. Andika zote, hata zinazokukera. Nyumbani wastani ukifika 135 kwa 85 hapo bado kuna presha, usijidanganye na ile 140 inayotumika kama mpaka ukipimwa kliniki.

Halafu mkanda wa mashine! Wangu ulikua mkubwa, nilinunua enzi za mkono mnene. Mkono ulipopungua ule mkanda ukawa unanidanganya kwa kusoma chini, nesi ndo aligundua, kwa mkanda wangu 116, kwa mkanda wa saizi yangu 124. Nilikua nakaribia kuomba nipunguziwe tena kwa namba za uongo.

Mwezi uliopita kilo nne zimerudi (hiyo 81 ni pamoja nazo), sitasema zilirudije. Daftari wiki hii linasoma 133, 136, 134, 137. Jumatano naenda kwa daktari, nimeshaliweka kwenye begi.