Kilo sita zilizoniangusha mahakamani

Juzi dogo mmoja kaniandikia inboksi: "Shikamoo afande, nataka kuingia timu ya dawa za kulevya Kanda ya Kaskazini, nianzie wapi?" Nikacheka, maana najua alichokiona: picha za bangi ikiteketezwa, moshi, watu wameshika mapanga. Wote tuliingia kwa picha hizo, tusidanganyane.

Mimi nimepanda milima ya Arumeru kwa ajili ya bangi, na ya Same kwa ajili ya mirungi. Huko operesheni huanza na simu ya mama anayenong'ona asisikike na mumewe. Gari mnaliacha barabarani mnapanda kwa miguu usiku wa manane, kwa sababu bodaboda wa kwanza akiwaona, kijiji kizima kimeshajua. Bangi mnaikuta katikati ya mahindi, mwenye shamba hayupo, majirani hawamjui. Hapo usijifanye mbabe. Mpigie magoti mwenyekiti wa kitongoji, ndiye anayejua mipaka. Same ni kugumu zaidi. Mzee amerithi miti ya mirungi kwa baba yake, na hapo ng'ambo tu, Kenya, miraa inauzwa mchana kweupe. Mweleze basi kwamba yeye ni mhalifu.

Sasa niseme linaloniuma. Tulimkamata mtu na magunia mawili ya bangi mbichi. Tukaazima mizani ya kahawa, nikaandika kilo 41. Magunia yakalala stoo. Yalipofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kilo 35.

Wakili akanitazama: "Kilo sita zimekwenda wapi, afande?"

Nikasema zimekauka. Kweli zilikauka! Lakini karatasi ya makabidhiano ilikosa sahihi moja, ya mtunza stoo, na ile ya kwangu nilikuja kuisaini siku ya pili. Wakili akafungua shauri la Paulo Maduka, rufaa ya mwaka 2007 iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani: lazima maandishi yaonyeshe nani alikamata, nani alitunza, nani alipokea kielelezo. Mshtakiwa akaachiwa. Tukapishana koridoni, akaniambia, "Pole, afande." Ile pole bado ninayo.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika. Hati ya ukamataji ijazwe palepale shambani, umande ukiwa bado kwenye viatu, na shahidi huru asaini akiwa anauona mzigo. Kama ni mbichi, andika ni mbichi. Piga lakiri. Kila mkono unaopokea usaini. Nimeshasema andika? Andika. Vijana wa siku hizi mnapenda kupiga picha na moto, karatasi mnamwachia mwenzenu, halafu kesi ikifa mnamlaumu hakimu. Anayefyeka eka tatu bila kalamu kamsaidia mkulima kupalilia, basi.

Hayo yote nimemwandikia yule dogo, ujumbe mrefu kuliko huu. Kajibu leo asubuhi: posho ya safari ni shilingi ngapi?